Magoti ya wamama baada ya miaka 50: homoni ziko na kazi gani ndani ya ugonjwa wa artroze?

Mu masoko mingi ya Kivu, Ituri na Maniema, maneno ya magoti ni maneno ya kila siku. Mama wa miaka 40 alikuwa anapanda mulima na guni la makala ku mugongo bila kulalamika. Akifikisha miaka 50 na kidogo, hata kama habebi kitu, ngazi tatu za kanisa zinamushinda. Jirani mmoja anamwambia ni baridi ya ziwa. Mwingine anasema amekanyaga mtego. Mwenye kumupokea ku kituo cha afya anasema: « Mama, hii ni uzee, vumilia tu. » Ku farmasi ya sokoni anapewa vinini vidogo ndani ya kartasi, anasikia nafuu siku ile ile, na mwezi wenye kufuata anarudi kununua tena.

Hakuna moja ya majibu hayo inaeleza jambo lenye waganga wameona ulimwenguni pote: mpaka karibu miaka 50, wababa na wamama hawaachani sana kwa ugonjwa wa magoti. Kisha wamama wanapita wababa, tena kwa mbali. Sehemu ya jibu iko ndani ya damu, na inaitwa homoni. Hata vile vinini vidogo vya sokoni, mara mingi navyo ni homoni, na hapo ndipo hatari inaanzia.

Artroze ni ugonjwa gani?

Watu wengi huita kila maumivu ya viungo « rimatisme ». Lakini ndani ya neno hilo kuna magonjwa mingi yenye hayafanane. Artroze ndiyo yenye kuonekana zaidi kupita zote.

Mwenye amekula kuku anajua ile nyama ngumu, nyeupe na laini yenye kufunika kichwa cha mfupa. Ndiyo gegedu. Kazi yake ni kufanya mifupa miwili iteleze moja juu ya ingine bila kukwaruzana, na kupokea uzito wa mwili. Ndani ya artroze, gegedu inaanza kupasuka na kuisha pole pole. Mfupa wenye kuwa chini yake unakuwa mugumu na unaotesha vichongo pembeni. Ngozi nyembamba ya ndani ya kiungo inavimba, maji yanaongezeka, na misuli ya paja inapoteza nguvu. Kwa hiyo artroze si gegedu peke yake: ni ugonjwa wa kiungo kizima.

Viungo vyenye kuguswa sana ni magoti, nyonga, vidole vya mikono, mugongo na shingo. Dalili zake zinajulikana: maumivu yenye yanazidi mtu akitembea ao akipanda, na yanapunguka akipumzika, kiungo kugandamana asubui, lakini kwa muda mufupi, kawaida chini ya nusu saa, goti kulia « kra-kra » wakati wa kukunja, na pole pole, kushindwa kuchutama ao kunyosha muguu vizuri.

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba ndani ya mwaka 2019 watu karibu milioni 528 waliishi na artroze duniani. Karibu 60 juu ya 100 kati yao ni wanawake, na 73 juu ya 100 wamepita miaka 55. Goti ndilo la kwanza: watu milioni 365.

Homoni ni nini, na zinafika ku goti kwa njia gani?

Homoni ni kama barua zenye mwili unajituma wenyewe. Tezi fulani inazitengeneza, zinaingia mu damu, zinazunguka mwili wote, na kila sehemu yenye iko na « mulango » wa kuzipokea inasoma barua na kufanya kazi yenye kuagizwa. Tezi ya shingo inatuma zake, kongosho inatuma insulini, figo ziko na tezi ndogo juu yake zenye zinatuma kortizoli, na viota vya mayai vya mwanamke vinatuma estrojeni na projesteroni.

Zamani watu walifikiri estrojeni ni ya uzazi tu. Leo inajulikana kwamba milango yake iko pia ndani ya chembe zenye kutengeneza gegedu, ndani ya mfupa, ndani ya ngozi ya kiungo, ndani ya misuli na kamba zenye kushikilia goti. Hiyo inamaanisha kwamba goti nalo linasoma barua za estrojeni. Wakati barua zinaacha kufika, goti linajua.

Estrojeni na kukoma kwa siku za mwezi

Kati ya miaka 45 na 55, viota vya mayai vinaacha kazi pole pole. Siku za mwezi zinachanganyikana, kisha zinakatika. Ndiyo wakati wenye huitwa menopoze. Kila mtu anajua alama zake za inje: joto yenye kupanda gafula mu uso, jasho la usiku, usingizi kukatika, hasira ya bure. Lakini alama ya viungo haisemwi sana, hata kama wamama wengi wanaisikia: vidole kugandamana asubui, mabega kuuma, magoti kuvimba.

Waganga hawakugundua jambo hili jana. Ndani ya mwaka 1925, waganga wawili wa Marekani, Russell Cecil na Benjamin Archer, waliandika juu ya wagonjwa 50 wenye maumivu ya viungo yaliyoanza pamoja na kukoma kwa mwezi. Walilipa jina la ugonjwa wa viungo wa menopoze. Kisha miaka mingi ikapita bila watu kulitia maanani sana. Ndani ya mwaka 2024, kundi lenye kuongozwa na mupasuaji wa mifupa wa Marekani, Vonda Wright, lilirudisha mazungumzo hayo: lilipendekeza jina moja kwa maumivu yote ya misuli, mifupa na viungo yenye kufuata kupunguka kwa estrojeni.

Estrojeni inafanya nini basi? Kazi zake kubwa ku kiungo ni tatu. Ya kwanza, inatuliza moto wa ndani: inazuia chembe zisitoe kwa wingi vitu vyenye kuleta uvimbe na vyenye kukula gegedu. Ya pili, inalinda mfupa wenye kuwa chini ya gegedu, kwa kuuzuia usibomolewe haraka kuliko unavyojengwa. Ya tatu, inasaidia misuli kubakia na nguvu, na misuli ya paja ndiyo inabeba goti.

Ushuhuda mukubwa unatoka kwa wagonjwa wa kansa ya matiti. Baadhi yao wanapewa vinini vyenye kuzuia mwili usitengeneze estrojeni, kwa sababu kansa yao inajilisha na homoni hiyo. Dawa inaokoa maisha. Lakini karibu nusu ya wamama wenye kuimeza wanaanza kusikia maumivu ya viungo, wakati mwingine ndani ya miezi michache tu. Hapo inaonekana wazi kama kukosa estrojeni kunagusa viungo, hata kama maumivu hayo si artroze yenyewe.

Lakini inafaa kutozidisha. Menopoze haivunji goti la kila mama. Kuna wamama wa miaka 75 wenye wanalima mpaka leo. Homoni inafungua mulango, na vitu vingine vinaingia: uzito wa mwili, majeraha ya zamani, damu ya jamaa, na zaidi ya yote kwa inchi yetu, mizigo. Mama mwenye amebeba makumi ya kilo kwa kamba ku kipaji, akapanda na kushuka milima ya Bukavu ao ya Butembo kwa miaka 30, anafika ku menopoze na goti lenye limekwisha kuchoka. Wakati estrojeni inapunguka, ulinzi wa mwisho unaondoka.

Mimba na uzazi

Wakati wa mimba, homoni zinalegeza kamba za viungo ili nyonga ipate kufunguka. Mwili unaongeza kilo 10 ao zaidi, na mama wa hapa mara mingi anaendelea kubeba bidoni ya maji ya litre 20 mpaka mwezi wa mwisho. Uchunguzi mukubwa wa Uingereza, wenye ulifuata zaidi ya wamama milioni moja, ulionesha kwamba hatari ya kuwekewa goti la bandia inapanda kidogo kwa kila uzazi. Sababu si moja: ni uzito, ni homoni, na ni kazi ya kulea. Ku jamaa zenye wamama wanazaa mara sita ao nane, hilo ni jambo la kukumbuka wakati wa kugawanya kazi za nyumba. Bababwana na vijana wanaweza kuchota maji.

Mafuta ya mwili nayo yanatuma homoni

Watu husema unene unaumiza magoti kwa sababu ya uzito. Ni kweli. Mtu akitembea, goti linapokea nguvu yenye kupita uzito wa mwili wake mara mbili ao tatu, na akishuka mulima inazidi. Uchunguzi wa Marekani wa 2005 ulipima kwamba kilo moja yenye mtu anapoteza inaondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa kila hatua. Mama mwenye kupunguza kilo 5 anaondoa basi karibu kilo 20 ku goti, hatua kwa hatua, siku nzima.

Lakini kuna swali: juu ya nini watu wanene wanapata artroze zaidi hata ku vidole vya mikono? Hakuna mtu anatembea na vidole. Jibu ni kwamba mafuta si mzigo wa kulala tu. Yanatengeneza homoni. Ya kwanza kujulikana ilivumbuliwa 1994 na inaitwa leptini. Kazi yake ni kuambia ubongo « nimeshiba ». Mafuta yakizidi, leptini nayo inazidi, inaingia mpaka ndani ya maji ya kiungo, na huko inachochea moto na kusaidia gegedu kuisha. Kisha menopoze inaongeza tatizo: estrojeni ikipunguka, mafuta yanahama, yanakaa ku tumbo, na hayo ndiyo yenye kutuma homoni mbaya zaidi.

Mu miji yetu, unene ungali unahesabiwa kuwa alama ya afya na ya kutunzwa vizuri na bwana. Hakuna mwenye anaomba mama akonde. Lakini mafuta mingi ku tumbo, pamoja na goti lenye kuuma, si heshima; ni ugonjwa wenye uko njiani.

Insulini na tezi ya shingo

Ugonjwa wa sukari wa watu wazima unaenda mara mingi pamoja na artroze. Sukari yenye kuzidi mu damu inashikamana na nyuzi za gegedu na kuzifanya ngumu na zenye kuvunjika bure. Insulini yenye haisikilizwe na mwili inaacha moto wa ndani uwake. Kwa hiyo mama mwenye magoti yanauma, mwenye kusikia kiu sana na kukojoa mara kwa mara, anapaswa kupimisha sukari mbele ya kununua dawa yoyote.

Tezi ya shingo nayo iko na historia ku Kivu. Kisiwa cha Idjwi kilijulikana na wachunguzi tangu miaka ya 1960 juu ya wagonjwa wengi wa tezi, yaani ule uvimbe wa shingo, kwa sababu ya kukosa iyode ndani ya chakula na kula muhogo wenye haukuloweshwa vizuri. Tezi ikifanya kazi kidogo, mtu anachoka, anasikia baridi, anaongeza uzito, na viungo vinamuuma na kugandamana. Mara ingine watu wanamuambia ni artroze, wakati ni tezi yenye kutibika. Chumvi yenye iyode na muhogo wenye kuloweshwa siku za kutosha vinakinga jambo hilo.

Vinini vya « dexa »: homoni yenye kudanganya

Sasa turudi ku vile vinini vidogo vya sokoni. Mara mingi ni deksametazone, yenye watu huita kwa kifupi « dexa », ao prednizolone. Wakati mwingine vinachanganywa na diklofenaki ndani ya kartasi moja, bila jina. Vijana wa kike nao wanavimeza ili wanenepe. Watu wachache tu wanajua kwamba ni homoni: ni mufano wa kortizoli, ile yenye kutoka ku tezi ndogo za juu ya figo. Lakini deksametazone iko na nguvu karibu mara 25 kupita kortizoli ya mwili wenyewe.

Historia yake inafaa kujulikana. Mwezi wa tisa 1948, muganga Philip Hench, wa hospitali ya Mayo kule Marekani, alimpa kortizone mwanamke wa miaka 29 mwenye ugonjwa mukali wa viungo. Alikuwa hawezi kutembea vizuri. Ndani ya siku chache akainuka. Ilionekana kama muujiza, na 1950 Hench na wenzake Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakapata Tuzo la Nobel. Lakini punde si punde waganga wakaona bei ya muujiza huo: uso kuvimba, sukari kupanda, mifupa kulegea, akili kuchanganyikiwa. Tena ugonjwa wa yule mwanamke haukuwa artroze. Ulikuwa poliartriti, ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe. Kwa ugonjwa huo, homoni hii iko na nafasi yake, chini ya jicho la daktari.

Kwa artroze, mambo ni tofauti. Kinini kinazima maumivu, mama anasikia amepona, anarudi kubeba guni lile lile. Goti linaendelea kuharibika, lakini sasa bila kengele ya kumuonya. Na kwa upande mwingine, mwili unalipa:

- tansio na sukari zinapanda;
- tumbo linapata vidonda, zaidi kama dexa imechanganywa na diklofenaki ao ibuprofene;
- mifupa inapoteza nguvu, na mama wa menopoze alikuwa tayari anaipoteza;
- kichwa cha mfupa wa nyonga kinaweza kukosa damu na kufa, na hapo kilema kinakuja kweli;
- kinga ya mwili inashuka, na magonjwa kama kifua kikuu yanapata njia;
- misuli ya mapaja inakonda, wakati ndiyo ilipaswa kushikilia goti.

Kuna jambo lingine la hatari kubwa. Mtu akimeza dexa kila siku kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi zake zinalala, zinaacha kutengeneza kortizoli yake mwenyewe. Akiacha kwa mara moja, anaweza kuanguka: uzaifu mukubwa, kutapika, tansio kushuka, hata kufa. Kwa hiyo, mwenye amekuwa anaimeza kwa muda asiache gafula baada ya kusoma habari hii. Aende na vile vinini ku kituo cha afya ao hospitali, aseme ukweli wote, na apunguziwe pole pole. Hakuna haya ndani yake.

Shindano la homoni hiyo ndani ya goti lenyewe ni jambo lingine. Daktari anaweza kulitoa mara moja moja wakati goti limevimba sana, na nafuu inadumu wiki kadhaa. Lakini uchunguzi wa Marekani wenye ulitangazwa 2017, ku wagonjwa 140, ulionesha kwamba wenye kudungwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko wenye kudungwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakupunguka zaidi. Basi si shindano la kurudilia rudilia.

Kama estrojeni imepunguka, juu ya nini usiirudishe?

Swali hilo ni la haki, na waganga wamelichunguza. Majibu yake hayatoshi kufurahisha. Ku uchunguzi mukubwa wa Marekani juu ya afya ya wamama, wenye waliondolewa kizazi na wakapewa estrojeni peke yake walisikia maumivu ya viungo kidogo chini ya wenzao, lakini tofauti ilikuwa ndogo: kama watatu tu juu ya mia moja. Uchunguzi mwingine, ku wamama wenye ugonjwa wa moyo, haukuona faida yoyote ku magoti. Na 2002, sehemu moja ya ule uchunguzi mukubwa ilisimamishwa mbele ya wakati, kwa sababu wamama wenye kupewa estrojeni pamoja na projestini walipata zaidi kansa ya matiti, magonjwa ya moyo, kupooza na damu kuganda.

Kwa hiyo estrojeni ya dawa haitolewe kutibu artroze. Daktari anaweza kuiandika juu ya joto na jasho kali la menopoze, kwa mama mwenye anafaa, mwenye anafuatwa vizuri. Kuinunua sokoni ili kuponya magoti ni kosa.

Habari mupya ya homoni inatoka upande mwingine. Ndani ya uchunguzi wenye ulitangazwa 2024, wagonjwa 407 wanene wenye artroze ya goti walifuatwa kwa wiki 68. Wenye walidungwa semaglutide, dawa yenye kuiga homoni ya matumbo ya kuleta shibe, walipoteza uzito na maumivu yao yakapunguka zaidi kuliko ya wengine. Dawa hiyo ni ya bei kali, na si ya kutegemea ku vituo vyetu vya afya. Lakini inaonesha jambo moja: uzito ukishuka, goti linashukuru.

Shindano la kupanga uzazi linaharibu magoti?

Wamama wengi wanaamini hivyo. Uchunguzi haujaonesha kwamba shindano la miezi mitatu, vijiti vya mukono ao vinini vya kupanga uzazi vinaleta artroze. Shindano la miezi mitatu linaweza kupunguza kidogo uzito wa mifupa wakati mama analitumia, na mara mingi mifupa inarudilia hali yake akiliacha. Lakini hiyo ni maneno ya mifupa kulegea, si ya gegedu kuisha. Mwenye magoti yanauma aulize muuguzi, asiache njia yake ya uzazi kwa uvumi.

Na wababa?

Wababa nao wanapata artroze, zaidi ku magoti yenye yaliumia zamani: mupira wa miguu, kuanguka ku moto, kusukuma chukudu, kuchimba ndani ya mashimo ya madini. Homoni yao, testosteroni, inapunguka pole pole, haikatike mara moja kama estrojeni. Inasaidia misuli, na misuli inasaidia goti. Kazi yake ku gegedu yenyewe haijaeleweka wazi kama ile ya estrojeni.

Yenye inasaidia kweli, hapa hapa

Artroze haina dawa ya kuiondoa kabisa. Lakini maumivu yanaweza kupunguzwa sana, na mambo ya kwanza hayaombe dola.

*Kuimarisha mapaja.* Ndiyo dawa ya kwanza, mbele ya kinini. Kukaa ku kiti, kunyosha muguu mmoja mbele mpaka unyoke kabisa, kuhesabu mpaka tano, kushusha. Mara 10 kila muguu, asubui na mangaribi. Kisha kusimama na kukaa ku kiti bila kushika na mikono, mara 10. Wiki ya kwanza inauma kidogo; baada ya wiki sita mpaka nane, wengi wanasikia tofauti. Ku hospitali kubwa kuna wataalamu wa kunyosha viungo, wenye watu huita « kine ».

*Kutembea.* Kulala siku nzima kunaharibu goti kuliko kutembea. Gegedu haina mishipa ya damu. Inakula kwa kukamuliwa na kuachiliwa, kama sifongo. Njia sawa, si mulima, nusu saa kwa siku.

*Kupunguza mizigo.* Kugawanya guni mara mbili, kukodisha chukudu ao burueti kwa watu wawili ao watatu wa soko moja, kubeba bidoni ya litre 10 kila mukono kuliko 20 ku mugongo. Ni rahisi kusema, ni nguvu kufanya kama chakula cha watoto kinatoka ku mizigo hiyo. Vikundi vya wamama vya kusaidiana na likelemba vinaweza kuangalia jambo hili pamoja: burueti moja ya kikundi inalinda magoti ya watu kumi.

*Kuepuka kuchutama.* Kukaa ku kiti kidogo wakati wa kupika, kufua na kupeta. Kuweka kiti chenye tundu juu ya choo.

*Fimbo.* Inashikwa na mukono wa upande wenye hauumi. Goti la kuume likiuma, fimbo iko kushoto.

*Dawa.* Maji ya moto kidogo ku kitambaa, ao pomada ya diklofenaki ya kupaka, ndiyo ya kuanza nayo. Paracetamole inaweza kusaidia kidogo. Ibuprofene na diklofenaki za kumeza ni za siku chache, baada ya kula, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo, tansio ao ugonjwa wa figo bila kuuliza daktari. Kuchanjwa ku goti na wembe haitibu artroze, na kunaweza kuingiza mikrobu ao virusi vya ukimwi na vya maini.

Wakati wa kukimbilia hospitali

Si kila goti lenye kuuma ni artroze. Inafaa kwenda haraka kama:

- goti ni jekundu, la moto, limevimba, na mgonjwa ana homa: inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na kila saa inahesabika;
- maumivu yanamwamusha usiku, anakonda, anakohoa: kifua kikuu kinaweza kuingia mpaka mu mifupa;
- viungo vingi vya pande zote mbili vinavimba, na kugandamana kwa asubui kunapita saa moja: inaweza kuwa poliartriti;
- kidole kikubwa cha muguu kinavimba gafula usiku, zaidi kwa baba mwenye kunywa pombe sana: inaweza kuwa gute;
- mwenye kuumwa ni mtoto ao kijana: apimwe, pia ugonjwa wa chembe za damu, drepanositoze.

Kwa mama mwenye kufika ku konsulta, maneno manne yanamusaidia muganga kumwelewa: magoti yalianza lini, siku za mwezi zilikatika lini, kazi gani na mizigo gani, na vinini gani alikwisha kumeza. Mara mingi la pili haliulizwe, na la ine haliambiwe. Mama analeta vinini vyake vyote ndani ya kartasi yao na kuviweka ku meza ya muganga. Hapo matunzo yanaweza kuanza kwa ukweli.